Mkaa, Makaa, Amakala

Nianze na kosa langu, maana watu wa mpakani wana tabia ya kuanza na kosa la mwenzao. Nilikosea neno moja. Sikuiba, sikughushi, sikula rushwa ya mtu. Nilikosea neno moja la jikoni, neno ambalo hata mtoto mdogo analijua, na dada yangu akakosa nyumba.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha, mpakani, upande wa Njisi, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka daraja la Mto Songwe. Ng'ambo ya daraja ni Malawi. Kazi yetu ilikuwa kuwaandikia watu karatasi za mizigo. Mtu anakuja na mchele wake, kakao, ndizi, saruji, mimi naingiza kwenye mfumo wa kompyuta ni mzigo gani, umetoka wapi, unakwenda wapi, na vibali vyake ni vipi. Bosi wangu alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka Kyela mjini. Alikuwa mpole, kofia yake safi kila siku, na aliniamini kupita kiasi. "Binti huyu hakosei," aliwaambia wateja mbele yangu, nami nikajifanya sisikii, huku kichwa kinavimba.

Kilivimba kweli, sitaficha. Pale mpakani kila karani alikuwa na siku yake ya kuaibika, ya kuandika tani badala ya kilo au kupeleka mchele wa mtu Zambia kwa karatasi wakati lori liko njiani kwenda Karonga, Malawi. Mimi nilikuwa sijaipata siku yangu. Nilikuwa nawacheka wenzangu, tena kwa sauti.

Aliyenifundisha kuandika ni dada yangu. Sisi ni watu wa Ngonga, watoto wa wakulima wa mpunga, na kabla sijaanza shule dada alikuwa ananiketisha kwenye tuta la jaruba, ananishika kidole, ananichoresha herufi kwenye tope. Nikikosea anapangusa kwa kiganja, naanza upya. Hakuwa mwalimu mpole. Herufi iliyonitesa ni k. Alisema k yangu ina mguu uliolegea, kama mtu aliyetoka kilabuni, na akanirudisha kwenye tope mpaka mguu ukanyooka. Hadi leo k yangu naiandika na mguu mrefu ulionyooka chini ya mstari, na hakuna mtu mwingine ninayemjua anayeiandika hivyo, isipokuwa yeye.

Baadaye aliolewa ng'ambo. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Watu wa pande mbili za Songwe ni ndugu, lugha zetu zinasikilizana, na bibi zetu walikuwa wanavuka kwenda kwenye misiba bila kujua kwamba wamesafiri nje ya nchi. Mume wake alifariki. Kisha masika ya mwaka ule yakaangusha ukuta wa nyumba yake ya udongo, na yeye na watoto wake watatu wakahamia chumba cha nyuma ya kanisa, wanalala katikati ya viti vya plastiki na ngoma za kwaya. Dada hakulalamika. Aliniambia tu kwamba amechoka kuomba ruhusa ya kupika siku za mazoezi ya kwaya.

Kiangazi chote kilichofuata akafyatua matofali. Alifyatua mwenyewe, kwa kalibu ya mbao, asubuhi kabla jua halijakali na jioni baada ya shamba. Alinitumia picha kwenye simu: safu ya kwanza, safu ya kumi, kisha uwanja mzima umejaa matofali mabichi yaliyofunikwa nyasi na majani ya migomba. Picha moja alijipiga mwenyewe, uso umejaa udongo, anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu msiba.

Kilichobaki ni kuyachoma. Tofali bichi ni udongo tu wenye pembe, mvua moja inalirudisha lilikotoka. Kule kwao kukata miti ya kuchomea kumekatazwa, na miti yenyewe imekwisha. Pumba za mpunga, ambazo huku kwetu ndizo zinachoma matofali ya karibu kila mtu, kule zilikuwa zimeshachukuliwa na wafyatuaji wakubwa mashineni kwenyewe. Yakabaki makaa ya mawe. Unayavunja vipande, unayapanga katikati ya safu wakati unajenga tanuru, unawasha chini, tanuru linawaka lenyewe kwa siku kadhaa. Mgodi wa makaa ulio jirani nao ulikuwa umesimama mwaka ule. Lakini milima iliyo juu yetu ina makaa ya mawe, na malori marefu yanayapeleka nje kila siku. Dada na jirani zake wawili wakachangia lori dogo moja.

"Wewe si ndiye unayeandika mizigo ya watu?" aliniambia kwenye simu. "Basi andika na wa kwangu."

Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Alikuwa na wiki mbili hivi, pengine tatu, kabla ya mvua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mzigo ukifika kwangu asubuhi, saa nane mchana uko kwake. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Sasa niseme kidogo kuhusu namba, kwa sababu bila namba kisa hiki hakieleweki. Kila kitu kinachovuka mpaka, popote duniani, kina namba yake. Mchele una namba, kakao ina namba, kiatu cha mtoto kina namba. Nchi zimekubaliana hivyo ili zisidanganyane. Namba ndiyo inayosema sheria gani inakuhusu: kitu hiki kinatoka bure, hiki kinalipiwa, hiki kinahitaji kibali cha wizara, hiki hakitoki kabisa. Miti na vinavyotokana na miti vina sura yao, ya arobaini na nne. Makaa ya mawe yako pamoja na mafuta, sura ya ishirini na saba. Ukitoa makaa ya mawe nje unahitaji kibali cha madini, ili nchi ipate haki yake kwa jiwe lake, na cheti cha uasili kinachoonyesha kwamba jiwe hilo kweli limetoka hapa. Vyote hivyo tulikuwa navyo. Muuzaji wa mlimani alivileta vimekamilika, vimepigwa mihuri. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika namba tu.

Ofisini tulikuwa na daftari la namba. Liliandikwa na karani aliyenitangulia, mtu wa Ipinda, kwa kalamu ya bluu, bidhaa upande mmoja na namba upande wa pili. Mchele na kakao nilikuwa nazijua kwa kichwa. Makaa ya mawe nilikuwa sijawahi kuandika, maana yale malori marefu yana mawakala wao wakubwa, wenye ofisi za viyoyozi. Nikafungua herufi M. Nikaona: Makaa. Mbele yake, namba inayoanza na arobaini na nne. Nikaipiga.

Mtu wa Dar es Salaam asingefanya kosa hilo. Yule karani kama angekuwa mtu wa Dar, kwenye daftari angeandika "mkaa", kwa sababu kile cha gunia, cha miti, cha kuchomea mahindi, kwao ni mkaa. Kile cha mlimani ni makaa ya mawe. Maneno mawili, vitu viwili, sheria mbili. Lakini sisi Wanyakyusa tuna neno letu, amakala, nalo linabeba vyote: cha jikoni, cha mhunzi, na hilo jiwe jeusi. Tukihamia kwenye Kiswahili tunakuja nalo, tunalivua a ya mbele na l ya katikati, tunasema makaa. Mama yangu hajawahi kutamka "mkaa" maishani mwake. Akimtuma mtu sokoni anasema leta makaa, na yanaletwa, na chakula kinaiva. Yule mtu wa Ipinda aliandika makaa akiwa na maana ya mkaa, mimi nikasoma makaa nikiwa na maana ya makaa ya mawe, na wote wawili tulikuwa tunaongea lugha ya mama zetu bila kujua.

Skrini ilinionya, nakiri. Ilileta maelezo kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza neno la mkaa wa miti linaishia na lile lile neno la makaa ya mawe. Macho yangu yakashika mwisho wa neno, yakaridhika. Nikabonyeza kutuma. Nikampigia dada nikamwambia karatasi imekwenda, achemshe maji ya chai ya dereva.

Saa nne afisa wa forodha akaniita uwanjani. Alikuwa mtu wa pwani, mstaarabu, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Turubai la lori lilikuwa limefunguliwa upande mmoja, na dereva ameegemea mlango anachokonoa meno.

"Dada, hapa umeandika nini?"

"Makaa."

"Makaa gani?"

Nikacheka. "Afisa, si hayo unayoyaona?"

"Ninayoyaona ni makaa ya mawe," akasema. "Ulichoandika ni mkaa. Mkaa wa miti. Kwenda nje ni marufuku, unajua."

Nikaipokea karatasi nikaisoma. Niliisoma mara mbili, na ya pili nilikuwa naona herufi tu. Nikamwambia basi nifute, niandike upya, dakika tano tu.

"Ungefuta kabla hujatuma. Sasa ni tamko. Mimi siwezi kutamka vingine kwa niaba yako."

"Lakini unaona kwa macho yako kwamba ni mawe."

"Naona. Nikiliachia lori kwa nilichokiona, kesho atakuja mwenye mkaa wa kweli aseme nimwangalie kwa macho." Alisema hivyo kwa upole, akinitazama kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba. Kisha akafunga turubai akapiga lakiri, ile ya plastiki yenye namba, ambayo ukiikata umeshavunja sheria hata kama ndani ya lori hamna kitu.

Alinieleza njia. Kwanza niandike barua ya kukiri kosa, kwa mkono wangu, niisaini, kwa sababu mfumo haujui kukiri. Pili, kwa kuwa namba niliyotuma ni ya mazao ya misitu, mtu wa misitu athibitishe kwamba hili si zao la msitu. Tatu, yote yapelekwe juu, huko juu wafute tamko la kwanza na kuruhusu la pili. Barua niliiandika palepale, juu ya boneti ya lori. "Mimi niliyetajwa hapa chini nakiri kwamba nilikosea kuandika mkaa badala ya makaa ya mawe." Niliiandika vizuri. Hata katika aibu ile nilijali mwandiko, sijui kwa nini.

Bosi wangu alipoisoma akavua kofia, akaivaa tena. "Inshallah siku mbili," akasema. Hakunilaumu, na ningependelea anilaumu.

Mtu wa misitu alikuja kesho yake kwa pikipiki. Afisa wa forodha akakata lakiri, ambayo angeipiga upya baadaye, akamfungulia turubai; mtu wa misitu akatazama kwa mbali, akatikisa kichwa. "Hii si yangu," akasema. Nikamwambia ndiyo, aandike hivyohivyo, kwamba si yake. Akasema hawezi. Akiandika kwamba si mkaa, itasomeka ametoa ruhusa ya kitu kingine, na kitu kingine hana mamlaka nacho. Nikawapigia watu wa madini. Wakaniambia kibali chao kiko sahihi, jiwe lao halina kasoro, kasoro iko kwenye karatasi ya mtu, na karatasi ya mtu si madini. Nilitafuta wa kumkasirikia sikumpata. Mwenye misitu analinda miti, na miti kweli imekwisha. Mwenye madini analinda jiwe lisiibwe. Mwenye forodha analinda neno lisichezewe. Wote walikuwa sahihi, na katikati ya usahihi wao lori la dada yangu limesimama juani, kuku wamelala chini yake.

Dada alipiga simu kila siku mchana.

"Imekuwaje?"

"Ni mfumo, dada. Mfumo umekwama."

Hilo ndilo nililomwambia. Siku ya kwanza nililisema kwa haraka, ili nipate muda wa kurekebisha kabla hajajua. Siku ya pili lilikuwa limeshasemwa, na siku ya tatu lilikuwa limezoea mdomo.

"Huyo mfumo ni nani?" aliniuliza. "Ana ofisi? Nije nimwombe mwenyewe?"

"Hana ofisi, dada. Ni kompyuta."

"Mwambie mawingu yameanza kushuka kutoka Ukinga."

Nilikuwa nayaona hata mimi. Kila alasiri milima ya Ukinga, ng'ambo ya ziwa, ilikuwa inapotea kuanzia juu, taratibu, na hewa inakuwa nzito mpaka shati linashika mgongo. Wakulima walikuwa wanafurahi. Mjini watu walikuwa wanasalimiana kwa mvua, mwaka huu itawahi, ndaga, ndaga, wanashukuru. Mimi nilikuwa nawachukia wote.

Siku ya tano dada akaja na wazo lake. Pale chini ya daraja, wanapovusha ndizi kwa miguu, si nishushe magunia machache tu ya makaa, yavuke, tanuru lianze hata robo? Nikamweleza habari za lakiri. Nikamweleza kwamba ikikatwa, lori linataifishwa na dereva anakwenda ndani, na dereva ana watoto kama yeye. Akasema, "Basi usikate." Hakulitaja tena.

Ndipo nikakumbuka pumba. Nilipanda gari mpaka Ipinda, kwa mwenye mashine ya mpunga tunayefahamiana, nikapewa pumba bure, magunia kadiri ninavyoweza kubeba, kwa sababu pale mashineni pumba ni mlima unaoziba njia. Nikatafuta waendesha baiskeli sita wa kuvusha. Nilirudi mpakani jioni mapema na moyo mwepesi, kwa mara ya kwanza wiki ile. Dirishani kwa watu wa ukaguzi wa mimea kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani.

"Ni nini hiyo?"

"Pumba, mama. Za kuchomea matofali."

"Una cheti cha afya ya mimea?"

"Cha pumba?"

"Ni mabaki ya zao, mwanangu. Yanaweza kubeba wadudu. Leta sampuli, ikipimwa ikaonekana salama unapewa cheti."

"Inachukua muda gani?"

Akaniambia. Nikaanza kucheka pale dirishani, na kicheko kikakataa kusimama, waendesha baiskeli wakawa wananitazama, mpaka yule mama akatoka nje akanishika bega. Alidhani nimefiwa. Magunia niliwaachia wale waendesha baiskeli, wakafanye wapendavyo.

Mvua ilinyesha Ijumaa, baada tu ya adhuhuri. Anayeijua mvua ya Kyela anajua kwamba haibishi hodi. Bati lilianza kupiga kelele mara moja, bosi alikuwa ametoka tu msikitini, akaniambia kitu, sikukisikia. Alikuwa ananiambia nifunge dirisha. Sikulifunga. Nilisimama natazama lori. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya turubai, yanaingia pembeni, yanatokea chini yakiwa meusi. Makaa ya mawe hayana shida na mvua. Yamekaa ardhini tangu enzi na enzi, unaweza kuyalowesha mwezi mzima na yakawaka. Nilikuwa nafikiria hivyo tu, kwamba humo ndani hakuna kinachoharibika.

Simu ikatetemeka mezani. Dada alikuwa ameandika neno moja: "Imeanza."

Nilipiga, haikupokelewa. Nilijua yuko uwanjani na watoto, wanafunika kwa chochote walichonacho, turubai la kanisa, mikeka, khanga zake. Mvua haikukatika mpaka jua linazama. Nilikaa ofisini na mikono mapajani. Kama kungekuwa na kitu cha kuandika ningeandika, barua yoyote, kwa yeyote, lakini barua zote nilikuwa nimeshaziandika. Jumamosi mvua tena. Jumapili tena. Dada hakupiga simu siku hizo zote, na mimi sikuthubutu kupiga mara ya pili.

Ruhusa ilikuja Jumatano. Ilikuwa na mistari miwili: tamko la awali limefutwa, mhusika awasilishe jipya. Mtu wa misitu hakuwa ameandika chochote. Inaelekea huko juu mtu aliisoma barua yangu, akaielewa, akabonyeza. Ingeweza kuwa Jumatano ya wiki iliyopita. Niliingiza namba mpya, sura ya ishirini na saba, nikaisoma kwa sauti mbele ya bosi kabla ya kutuma. Afisa alikata lakiri mwenyewe. "Pole, dada," akasema, na nilijua anasema kweli. Dereva akawasha lori, kuku wakatawanyika, na ndani ya nusu saa mzigo ulikuwa umevuka. Nusu saa. Dereva alikuwa na bahasha ya karatasi zote, maana mwenye mzigo hukabidhiwa nakala zote, na mimi mwenyewe ndiye niliyezipanga na kuzibana. Niliziandaa kama ninavyoandaa za mteja yeyote. Sikufikiria.

Jumamosi nilichukua pasi ya muda nikavuka daraja kwa miguu. Watu walikuwa wanapita na baiskeli za ndizi, na mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Njiani nilijizoeza maneno. Nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli, halafu kwenye kona ya mwisho nikaamua nitamwambia baadaye kidogo, akishapoa.

Uwanja niliuona kabla sijamwona yeye. Ile mistari ya kwenye picha haikuwepo tena. Palikuwa na matuta ya udongo mwekundu, laini, yamelala ubavu, na majani ya migomba yamezama ndani yake. Huku na huko pembe moja ya tofali ilikuwa bado inaonekana. Nyayo za watoto zilikuwa zimejaa kila mahali, za kukimbia. Na pembeni, juu ya mahali pakavu, makaa ya mawe ya dada yangu, lundo zima, meusi, yanang'aa.

Alitoka kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa akijifuta mikono. Alikuwa amekonda.

"Ugonile, mdogo wangu."

"Ndaga, dada."

Akaniletea kiti cha plastiki. Akakaa juu ya ngoma. Ndani kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, sauti ya tatu inapotea, wanarudia. Nikafungua mdomo.

"Dada, ule mfumo..."

Aliingiza mkono kwenye khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti, akailainisha kwa kiganja. Nilitambua mwandiko wangu kabla hajaigeuza. Kila k ilikuwa imesimama na mguu wake mrefu, chini ya mstari, kama alivyonifundisha. Mkaa. Makaa. Nakiri. Nilikosea. Nilihesabu k hizo kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

Nilimsubiri anitukane, na nilikuwa nataka anitukane, nilikuwa na maneno ya kujibu na machozi ya kutoa. Alipitisha kidole juu ya mstari mmoja, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Barua imenyooka," akasema. "Hukukosea hata herufi moja."

Kisha akaikunja, akairudisha kwenye khanga, akaniuliza kama nimeshakula.